Uzoefu wangu: kutengeneza video ya taarabu kwa akili mnemba

Mimi ni mpiga fidla katika kikundi kidogo cha taarabu asilia hapa Unguja, na ndiye niliyekabidhiwa kazi ya picha na video za kikundi. Tulipomaliza kurekodi wimbo wetu mpya, fedha iliyobaki haikutosha kumlipa mpigapicha wa video, kukodi taa na chombo cha baharini, na kuwalipa wasanii posho ya siku nzima. Tukakubaliana nijaribu mojawapo ya programu zinazotengeneza video kutokana na maelekezo ya maandishi au kutokana na picha. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona tangu nilipolipia kifurushi mpaka video ilipotoka, na nimeyaandika kwa kirefu kwa sababu tathmini nyingi ninazozisoma zinahusu muziki wa kasi na matangazo ya biashara, ilhali taarabu ina mahitaji yake.

Jina la programu sitalitaja. Tangu OpenAI ilipoitangaza programu yake ya video, Sora, mwezi Februari 2024, na katikati ya mwaka huo zikafuata Kling ya Kuaishou, Dream Machine ya Luma na Gen-3 Alpha ya Runway, zana hizi zimekuwa zikibadilika kila baada ya miezi michache, na msomaji atanufaika zaidi akijua zinavyofanya kazi kuliko akijua mimi nilichagua ipi. Veo 3 ya Google, iliyotoka Mei 2025, hutengeneza hata sauti pamoja na picha, lakini sisi sauti tulikuwa nayo tayari.

Kabla ya kulipia chochote, ni vyema kupiga hesabu. Programu hutoa vipande vifupi, kwa kawaida vya sekunde 5 au 10, na kila kipande hukatwa krediti, yaani pointi za matumizi ulizolipia, hata kisipofaa. Wimbo wetu una dakika 8, yaani sekunde 480, hivyo ukitaka kuujaza wote kwa vipande vya sekunde 5 utahitaji vipande 96, tena iwapo kila kimoja kitakubalika mara ya kwanza, jambo ambalo halitokei. Mwongozaji Paul Trillo, aliyetumia Sora kutengeneza video ya mwanamuziki wa Marekani Washed Out iliyotoka Mei 2024, alizalisha vipande vipatavyo 700 na kutumia 55. Kikundi kama chetu hakiwezi kubeba uwiano huo. Kwa hiyo niliamua kwamba programu itachukua zile sehemu za wimbo ambazo ala zinazungumza peke yake, yaani ufunguzi, majibizano ya ala baina ya beti na beti, na kumalizia. Beti na kiitikio nitazipiga video mwenyewe kwa simu, mwimbaji akiwa amekaa kitini pake, wapigaji wakiwa nyuma yake.

Uamuzi huo ulitokana na fedha, lakini majaribio yalinionyesha kwamba ulikuwa sahihi hata kwa sababu za kisanaa. Nianze na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa, kwa sababu hapo ndipo programu ilipoelemewa kabisa. Kanuni hulazwa mapajani au mezani. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole vyake vya shahada, na katika kila pete huchomekwa kipande chembamba cha kudonolea nyuzi. Nyuzi zenyewe zimepangwa tatu tatu kwa kila sauti, na mkono wa kushoto huachana nazo mara kwa mara kwenda kuinua au kushusha vile vijikomeo vinavyopandisha na kushusha sauti kidogo. Nilipoomba mzee anayepiga kanuni, nikapewa mzee mwenye sura nzuri na koti zuri, ameketi mbele ya sanduku lenye nyuzi, lakini anazipapasa kwa vidole vyote kumi kama mtu anayecheza piano, na kila mkono unapopita nyuzi zinaungana, zinapungua, kisha zinachipuka upya mahali pengine. Nilipoipa programu picha halisi ya mpigaji wetu iwe fremu ya kuanzia, yaani picha ya kwanza ambayo kipande huendelea kutokea hapo, sekunde ya kwanza ilikuwa safi. Katika sekunde ya pili zile pete zilianza kuyeyuka ndani ya vidole.

Fidla nayo ilinisumbua, kwa kuwa ndicho chombo changu. Upinde ulikwenda na kurudi bila kugusa nyuzi, na haukuwa na uhusiano wowote na muziki: sisi tunavuta upinde mmoja mrefu kwa kipande kizima cha wimbo, mtu wa kwenye picha anakata mara nne. Mtazamaji wa kawaida huenda asiseme upinde umekosea, lakini wapenzi wa taarabu wamekaa mbele ya wapigaji miaka mingi na wanaijua mikono hiyo. Kuwaonyesha mikono isiyojua kazi yake ni kuwavunjia heshima wao pamoja na mafundi waliotufundisha.

Jaribio la pili lililoshindwa ni la kanga. Wimbo wetu ni wa mafumbo, kama ilivyo desturi, na nilitaka ujumbe wake uonekane kwenye jina la kanga wakati mwanamke anapita uchochoroni katika Mji Mkongwe. Programu ilielewa pindo na mji kwa kiasi cha kuridhisha, rangi zikapendeza, lakini pale chini panapokaa maneno palijaa vijistari vinavyofanana na herufi bila kuwa herufi, navyo vilibadilika kila alipopiga hatua. Sababu yake inaeleweka ukijua zana hizi zinavyofanya kazi. Huanza na chenga tupu, kama zile za televisheni iliyopoteza mawimbi, kisha huzisafisha hatua kwa hatua kuelekea picha inayolingana na maelekezo, kwa kufuata mifano mingi iliyofunzwa. Katika usafishaji huo maandishi huwa ni umbo tu la kukaribiana nalo, hayasomwi, na kitambaa chenye mikunjo inayotembea huongeza ugumu. Nilimwomba dada mmoja wa kikundi apite mbele ya simu yangu jioni, akiwa amejifunga kanga yetu halisi, na kipande hicho cha simu ndicho kilichobaki kwenye video.

Midomo niliijaribu pia, ingawa nilikwisha kuamua kumpiga picha mwimbaji mwenyewe. Unaipa programu picha ya uso na faili la sauti, nayo huichezesha midomo. Ukiipa wimbo mzima, midomo hufuata hata fidla na ngoma ya dumbak, kwa hiyo ni lazima studio ikutolee sauti tupu ya mwimbaji. Hata baada ya hapo, kwa maneno ya kusema tu matokeo si mabaya, ila mwimbaji wa taarabu huivuta irabu moja akaizungusha mara nyingi bila kufunga kinywa, na programu, ambayo inaelekea kuzoea mazungumzo, ilikuwa ikimfumba mdomo katikati ya mzunguko. Uso ukawa umenyamaza huku sauti ikiendelea kupanda.

Sasa niseme pale ilipofanya vizuri, kwa sababu ilifanya vizuri sana. Tulitamani jahazi likisafiri usiku wa mbalamwezi, kitu ambacho simu haiwezi kukipiga na ambacho kwa mpigapicha mwenye vifaa kingekula bajeti yote. Nilipoomba kwa maneno matupu, nililetewa merikebu ya milingoti miwili yenye matanga ya mraba, chombo cha Ulaya ya kale. Nilipolieleza kwa umbo, yaani chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja ulioinamia mbele, foromali (boriti inayoshika tanga) ndefu iliyokaa mshazari na tanga moja la pembetatu, likakaribia. Lakini lililotufaa lilitokana na picha niliyoipiga mchana ufukweni Malindi ya hapa Unguja, nikaigeuza kuwa ya usiku kwa programu ya kuhariri picha, kisha nikaipakia kama fremu ya kuanzia na kuomba mambo mawili pekee: maji yatikisike taratibu na tanga lijae upepo. Vipande vya mwanzo vilikuwa na kasoro ambayo baharia angeiona mara moja, kwani tanga lilijaa upande mmoja na bendera ya tezi, yaani ya nyuma ya chombo, ikapepea kuelekea upande mwingine. Niliifuta bendera kwenye picha ya kuanzia, nikarudia, na jahazi lililotoka lilimfanya mpiga udi wetu, ambaye baba yake alikuwa nahodha, aombe nilirudishe alitazame tena.

Moshi wa udi wa kufukiza nao ulipatikana kwa njia hiyohiyo. Niliweka chetezo chetu kwenye dirisha lenye nondo za mbao, nikapiga picha moja yenye mwanga wa ubavuni, nikaomba moshi upande polepole na kamera isisogee. Maji, moshi, mawingu, pazia na mwali wa kandili havina umbo moja ambalo jicho linalidai, na ndiyo maana programu inavimudu. Mikono, maandishi na ala vina umbo moja sahihi. Huu ndio mpaka nilioufuata katika kazi yote iliyobaki, na tangu nilipoufuata krediti zilizopotea zilipungua sana.

Urefu wa vipande ulibaki kuwa tatizo ambalo sikulimaliza. Taarabu haina haraka. Fidla zinapoanza kwa pamoja na kanuni ikazijibu, jicho linataka kutulia juu ya picha moja mpaka kauli ile ya muziki iishe, na kauli hiyo yaweza kufika sekunde 20. Ukikata picha kila baada ya sekunde 5 unaugeuza wimbo kuwa tangazo. Programu ina uwezo wa kurefusha kipande kwa kuanzia fremu yake ya mwisho, lakini kila urefushaji huongeza upotofu kidogo: katika mara ya tatu ukuta wa mawe ya matumbawe ulikuwa umelainika kama uliopakwa rangi jana, na buluu ya mbingu ilikuwa imekolea kupita kiasi. Kilichonisaidia ni kupunguza mwendo wa kipande cha sekunde 10 hadi nusu, programu ya uhariri ikibuni fremu za kati. Kwa maji na moshi hakuna anayeona tofauti. Kwa mtu anayetembea, miguu hutokea kuwa na kivuli maradufu, basi hapo usijaribu.

Atakayechanganya vipande vya simu na vya programu aizingatie idadi ya fremu. Programu niliyotumia hutoa fremu 24 kwa sekunde, simu nyingi hupiga 30, na ukiziweka pamoja bila kusawazisha, moja kati ya hizo itakuwa na mshtuko mdogo unaochosha macho. Niliiweka simu kwenye 24 kabla ya kumpiga picha mwimbaji, na nikaongeza chembechembe hafifu juu ya vipande vyote ili vionekane vimetoka kwenye kamera moja.

Katikati ya kazi, mwenzetu mmoja alipendekeza tupakie picha ya mwimbaji wetu wa zamani, ambaye ni marehemu, ili aonekane akiitikia katika kiitikio. Programu ingeweza kufanya hivyo, na kwa nia yake njema mwenzetu alitaka kumuenzi. Nilikataa, na ningekataa hata kama familia ingeridhia, kwa kuwa mwitikio ule, macho yale na mkono ule unaoinuka vingekuwa vimebuniwa na mashine, ilhali mashabiki wangeviweka kumbukumbuni kuwa ni vyake. Tulitumia picha zake za zamani zikiwa zimetulia, bila kuzichezesha, na jina lake likaandikwa chini yake.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. YouTube, tangu Machi 2024, humtaka anayepakia video aeleze iwapo ina picha zinazoonekana halisi lakini zimetengenezwa au kubadilishwa kwa zana hizi, na kuna kisanduku cha kuweka alama wakati wa kupakia. Niliiweka, na katika maelezo ya video nikataja ni sehemu zipi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya Januari 2025 kwamba maelekezo ya maandishi pekee hayatoshi kumfanya mtu awe mtunzi wa kilichozalishwa. Wimbo, mashairi, sauti na picha tulizopiga ni mali yetu bila shaka yoyote, lakini kipande kilichotoka kwa programu moja kwa moja nisingekitegemea iwapo ungetokea mgogoro. Masharti ya programu nayo yasomwe: kifurushi cha bure nilichoanzia kilibakiza nembo kwenye picha na hakikuruhusu matumizi ya biashara.

Malipo yalikuwa ya dola, na kadi ya mtandaoni iliyofunguliwa kupitia akaunti ya pesa za simu ilikubaliwa. Kompyuta kubwa haihitajiki kwa kuwa kazi nzito hufanyika kwenye mitambo ya kampuni. Bando ndilo linaloliwa, hasa unapopakua vipande vya ubora wa juu.

Kwa jumla ya gharama tulilipa sehemu ndogo ya kile ambacho mpigapicha angetutoza, na tukapata bahari ambayo tusingeipata kwa njia nyingine. Mpigapicha aliye na taa nzuri bado angetupigia mikono ya wapigaji vizuri kuliko simu yangu, na fedha ikipatikana ndiye nitakayemwita kwa sehemu hizo. Wimbo wetu ujao una ufunguzi mrefu zaidi wa ala, na kwa ajili yake nitalipia mwezi mmoja tu, tena baada ya picha zote za kuanzia kuwa tayari kwenye simu, kwa sababu krediti zisizotumika hazihamishiwi mwezi unaofuata.