Hita ya bafuni kwenye maji ya chumvi: yaliyonikuta Segerea

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yake hayapatani na maji ya baridi. Alikuja kwangu Segerea mwezi wa tano akitokea Njombe, ili awe karibu na hospitali. Watu waliniuliza, Dar hii ya joto, maji ya moto ya nini? Anayeuliza hivyo hajaoga alfajiri ya mwezi wa saba kwa maji yaliyolala kwenye simtanki usiku kucha, tena akiwa na baridi yabisi.

Mwanzoni tulitumia hita ya ndoo, ile koili ya kutumbukiza kwenye maji inayouzwa mpaka stendi. Siku niliyoitupa naikumbuka. Nilikuwa namsuka mwanangu kabla ya shule, nikasikia mama kaguna bafuni. Alikuwa ameingiza mkono kwenye ndoo kupima joto na umeme bado haujazimwa. Mkono ulikufa ganzi mpaka mchana. Jioni ile niliamua: ama nafunga hita ya ukutani, ama namchemshia maji mwenyewe kila siku na kumbebea.

Mdogo wangu anaishi Uswidi. Tulipomsimulia, akatuambia bafuni kwake hata sakafu ina umeme: nyaya zimetandazwa kwenye gundi chini ya marumaru, kama wati 100 hadi 150 kwa kila mita moja ya mraba, na kuna kihisi cha joto kinachowasha na kuzima ili sakafu ibaki vuguvugu. Mama alitaka kujua kama miguu haiungui. Kwetu kitu hicho hakina kazi, sakafu ya Segerea ina joto lake tayari. Lakini alisema jambo ambalo ningelishika mapema lingeniokolea pesa: kwao kazi ya kuunganisha umeme wa bafuni ni ya fundi mwenye leseni, na lazima kuwe na breka inayokata yenyewe umeme ukivuja hata kidogo. Nilimsikia, nikaitikia, nikaendelea na mambo yangu.

Nilikwenda Kariakoo nikanunua hita ya papo kwa papo, ile ya plastiki nyeupe inayokaa kichwani pa bomba la mvua, aina ambayo Wabrazili wanaitumia sana majumbani. Wati 5,500, shilingi 85,000. Haina tangi. Ndani kuna kiwambo cha mpira. Maji yakifunguliwa yanakisukuma, kinagusanisha vyuma, koili inapata umeme na maji yanapita juu yake. Ukifunga maji, kiwambo kinarudi na umeme unakatika. Ni kifaa chepesi na kizuri, sina ugomvi nacho hata sasa. Kosa langu lilikuwa kwenye nilichokiunganisha nacho.

Fundi wa kwanza nililetewa na mtu wa mtaani. Simtaji. Alimaliza kwa dakika arobaini, akachukua 25,000, akaondoka. Waya aliuvuta kutoka kwenye soketi ya korido, waya wa milimita za mraba 2.5, akaweka swichi ya ampia 20. Hita ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 230 inavuta ampia 24 hivi. Soketi zile zilikuwa kwenye breka ya ampia 32, kwa hiyo breka haikuona shida yoyote, ilhali waya na swichi vilikuwa vinapikika kila mama akioga. Wiki ya pili nikaanza kusikia harufu ya plastiki iliyoungua. Nikaona swichi imebadilika rangi upande mmoja, imekuwa kama chai ya rangi, na ukiigusa ni ya moto.

Ila hata kabla ya harufu hiyo mama alikuwa ameshaniambia. Alitoka bafuni na taulo mabegani, akasema, "Mwanangu, lile bomba linang'ata." Nikadhani ni maneno ya utu uzima. Niliposhika koki mwenyewe na mkono uliolowa, nikahisi kama sisimizi wanatembea ndani ya vidole. Nilizima meni swichi ya nyumba nzima nikakaa kwenye ngazi natetemeka. Nilikuwa nimemtoa mama kwenye hita ya ndoo nikamtia kwenye hatari ileile kwa bei kubwa zaidi.

Fundi wa pili ndiye ninayeandika habari zake hapa. Nilimpata kwa dada ninayefanya naye kazi, na nilimuuliza leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, kabla sijamuuliza bei. Alinionyesha, wala hakukunja uso. Alifika akamwamkia mama, "Shikamoo bibi," akaitikiwa, kisha akaomba maji kwenye kikombe. Nikamletea ya chupa. Akasema, "Hapana dada, naomba ya bombani." Akayaonja, akatema. "Maji haya ni ya kisima, siyo?"

Ni ya kisima. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, tunapata, lakini si kila siku, na simtanki letu tunalijaza kwa pampu. Watu wengi wa Tabata na Segerea wanajua ninachosema: maji ambayo sabuni haitoi povu na sufuria zinaota ukoko mweupe. Akanieleza kwamba hita niliyonunua koili yake iko uchi, inagusana na maji moja kwa moja. Maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kidogo sana, na huo kidogo hushuka kwenye waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme unaovuja ardhini, bila mtu kujua. Maji ya chumvi hupitisha zaidi. Sasa kama ethi haipo, umeme ule unashuka na maji mpaka kwenye koki, na kwenye mkono wa anayeoga.

Akafungua hita. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa na kufungwa tepu nyeusi, umekatwa kabisa, haukwenda popote. Alinishikisha ule mkia wa waya kiganjani. Sikuwa na la kusema. Mama alikuwa amesimama mlangoni anatazama.

Kazi yake ilichukua siku mbili, na nieleze alichofanya kwa sababu ndicho nilicholipia. Alivuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye boksi la breka mpaka bafuni, wa hita peke yake, hauchangii na soketi wala taa. Akauwekea breka yake ya 32. Swichi akaiweka nje ya bafu, ya kukata nyaya zote mbili, wa moto na wa nyutro, ina taa nyekundu mama anayoiona hata bila miwani. Kisha akaongeza ile breka ya usalama wanayoiita RCD, ya miliampia 30. Hii haiangalii umetumia umeme mwingi kiasi gani. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua njiani, maana yake unapita mahali pengine, labda kwenye mwili wa mtu, inakata hapohapo.

Halafu akatoka nje kutazama rodi ya ethi. Hapa ndipo nilipomheshimu. Rodi ilikuwepo chini ya mita, iliwekwa wakati wa wayaringi ya kwanza, lakini klampu imelegea na kutu imekula, na udongo wetu ni mchanga mkavu. Alipima na kifaa chake, akatikisa kichwa. Akapigilia rodi ya pili karibu na karo la kufulia, ambako ardhi haikauki, akaziunganisha mbili, akapima tena mpaka akaridhika. Fundi anayetaka kuwahi nyumbani asingetoka nje.

Aliporudisha hita yangu ya zamani ili tujaribu, RCD ilikata. Akawasha tena, ikakata. Mara ya tatu nikamwambia basi. Ilikuwa inafanya kazi yake: koili uchi na maji yetu haviwezi kukaa pamoja. Nilirudi dukani Kariakoo na risiti, nikaonyeshwa maandishi ya chini kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikanunua nyingine ya shilingi 120,000, ya maji ya chumvi, ambayo koili yake imefungwa ndani ya bomba la chuma, maji hayaigusi. Muuzaji alikuwa nayo siku zote kwenye shelfu la juu. Siku ya kwanza hakuniuliza maji yangu ni ya wapi, nami sikujua kuwa ni swali la kuuliza. Wewe ukienda, sema mwenyewe: "Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi."

Gharama ya mara hii: vifaa bila hita 222,000, na zaidi ya nusu yake ni waya, maana kutoka kwenye boksi mpaka bafuni ni mita 15 na nyuzi ni tatu. Ufundi 70,000. Pamoja na hita, 412,000. Zile 110,000 za mwanzo zimekwenda.

Kabla ya kuwasha, fundi alifungua maji yakapita kwa muda bila umeme ili hita ijae, maana koili ikiwaka kavu inaungua sekunde hizohizo. Akamfundisha mama mwenyewe, si mimi: fungua maji kwanza, washa swichi, ukiona ni ya moto sana ongeza maji, ukiona yamepoa punguza. Kitufe cha kubadili joto usikiguse maji yakiwa yanatoka. Mama alirudia maneno yale kwa mpangilio mara mbili kama anakariri sala, na mpaka leo hajakosea.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana najua ndilo swali. Sisi tulikuwa kwenye tarifa ya matumizi madogo, uniti 75 kwa 9,150 kwa mwezi, na tulikuwa tunatumia kama 60. Mwezi wa kwanza mama alioga asubuhi na jioni, kitufe kikiwa kwenye joto kali. Dakika sita kwa wati 5,500 ni zaidi kidogo ya nusu uniti. Mara mbili kwa siku, kwa mwezi ni uniti 33. Tarehe 24 uniti 75 zilikuwa zimekwisha, na zinazozidi hapo bei yake kwa uniti ni zaidi ya mara tatu. Ukiendelea kuvuka unahamishiwa tarifa ya kawaida, na kurudi si jambo la siku moja. Kwa nyumba kama yangu hilo ni zito kuliko bei ya hita yenyewe.

Nilimpigia fundi. Akaniambia nishushe kitufe kwenye joto dogo, wati 3,200, na nibane maji kidogo. Sikuamini, lakini hesabu yake ni sahihi. Maji ya tangi la Dar hata yakipoa yana nyuzi joto 25 na zaidi. Kwa lita tatu za maji kwa dakika, wati 3,200 zinaongeza nyuzi 15. Nyuzi 40 zinamtosha mama. Mama sasa anaoga ya moto jioni tu, mchana anaoga ya kawaida, na mwezi uliofuata tulifunga kwa uniti 71. Anataka nimpelekee hita kama hii Njombe. Nimemweleza kwamba kule maji yanatoka bombani kama ya friji, hita hii hata kwenye joto kali itampa maji ya vuguvugu tu, labda ayabane yatoke kidogokidogo. Kule tutafute ya tangi au ya jua.

Mapungufu yapo. Fundi alichelewa siku mbili bila kupiga simu, na mama alioga maji ya jikoni siku zote hizo. Maji yetu ya simtanki yanashuka kwa nguvu ndogo, mnara wangu ni wa mita tatu, kwa hiyo uchafu kidogo tu kwenye kichujio unafanya kiwambo kisisukumwe na hita isiwake. Inabidi nikifungue na kukisugua kwa mswaki kila baada ya wiki mbili, na ukoko wa chumvi kwenye matundu nauloweka na ndimu. Kelele ya hita ni ndogo. Taa za sebuleni zinafifia kidogo ikiwaka saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa unatumia umeme.

Kila tarehe mosi nabonyeza kile kitufe cha majaribio kwenye RCD, ikate, niirudishe. Ni sekunde tatu. Mama ndiye anayenikumbusha.

Hita naipa nyota nne, fundi nne na nusu. Nusu iliyobaki ni ya marumaru moja aliyoipasua wakati wa kupitisha waya, juu ya mlango wa bafu. Alisema atarudi Jumamosi kuibadilisha. Zimepita Jumamosi tatu, na marumaru ya rangi ile nimeshaitafuta Buguruni nikaipata, iko kwenye mfuko nyuma ya mlango inamsubiri.