Uchambuzi wa getKanban: kujifunza kuendesha kazi za programu kwa kadi na dadu

Watazamaji wapendwa, karibuni. Sanduku hili mnaloliona mezani ni getKanban, mchezo wa ubao uliobuniwa na Russell Healy wa New Zealand ili kuwafundisha watengenezaji wa programu namna ya kuendesha kazi zao kwa utaratibu wa kanban, yaani kuonyesha kazi kwa kadi ubaoni na kuweka kikomo cha kazi zinazoshikwa kwa wakati mmoja. Tumeucheza hapa Lubumbashi pamoja na vijana wanaotengeneza programu za maduka ya dawa, za shule na za kampuni za malori yanayopeleka shaba Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nitawaeleza unafundisha nini, na kama unafaa kununuliwa na kikundi kidogo.

Asili ya utaratibu huu ni kiwandani. Mhandisi Taiichi Ohno aliujenga Toyota, nchini Japani, katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, akivutiwa na maduka makubwa ya Marekani, ambako bidhaa hurudishwa rafuni kwa kadiri ile tu ambayo wateja wamechukua. Mwaka 2004, David J. Anderson wa Microsoft alilitumia wazo hilo kwa kikundi cha programu kilichokuwa Hyderabad, India.

Sasa tuutazame ubao. Kila kadi ni jambo moja ambalo mteja analisubiri katika programu, nayo hupita kutoka uchambuzi kwenda uandishi wa programu, kisha majaribio, hadi ikabidhiwe kwa mteja na kuanza kuleta mapato. Mzunguko mmoja ni siku moja ya kazi: wachezaji hurusha dadu, na alama zinazotoka ndizo kazi iliyofanyika siku hiyo. Dadu ya mwandishi wa programu inaweza kupelekwa kwenye majaribio, lakini huko huzaa kidogo kuliko katika fani yake. Juu ya kila safu imeandikwa namba, nayo ndiyo kikomo cha kadi zinazoruhusiwa kukaa hapo kwa wakati mmoja.

Namba hiyo ndiyo moyo wa mchezo, na niliona jinsi ilivyowasumbua wachezaji wetu. Safu ya majaribio ilipojaa, waandishi wa programu walikuwa na kadi zilizokwisha lakini hazikuwa na pa kwenda, na wasingeweza kuvuta mpya kwa sababu safu yao nayo ilikuwa imefika kikomo. Kijana mmoja aliomba kikomo kivunjwe kidogo tu ili asikae bure. Dada aliyeketi mbele yake, ambaye kazini kwake ndiye anayejaribu programu, alimwonyesha zile kadi zilizobanana na kumwambia kwamba ndivyo meza yake inavyokuwa kila mwisho wa mwezi. Baada ya mashauriano marefu wakapeleka dadu mbili za uandishi kwenye majaribio, wakikubali hasara ya alama, na baada ya mizunguko michache kadi zilianza kutoka. Sijaona mhadhara uliofikisha hoja hiyo kwa nguvu namna hii, maana hapa mtu anaona kwa macho yake kwamba kuanzisha kazi nyingine hakumwongezei mteja chochote.

Jambo la pili linalostahili sifa ni grafu ambayo wachezaji huichora wenyewe kwa penseli, siku baada ya siku. Ina mikanda inayopanda pamoja, mmoja kwa kila hatua. Unene wa mkanda kwenda juu ni idadi ya kazi zilizomo katika hatua hiyo, na upana wake kwenda pembeni ni takriban muda ambao kazi hukaa humo. Hapo ndipo kanuni ya John Little, aliyoithibitisha mwaka 1961, inapoeleweka bila hesabu ngumu: muda wa wastani wa kazi moja ni idadi ya kazi zilizo mkononi, igawanywe kwa mwendo wa kumaliza. Kikundi chenye kazi 12 mkononi, kinachomaliza 3 kwa wiki, kwa wastani huchukua wiki 4 kumaliza kazi moja. Kikishika kazi 6 na mwendo wa kumaliza ukabaki uleule, mteja atasubiri wiki 2. Ningetamani kila mkuu wa mradi mjini hapa aichore grafu hii kwa kazi zake za kweli.

Kadi nazo hazilingani. Zipo za kawaida, zipo za dharura zinazopita mbele ya nyingine, zipo zenye tarehe isiyosogezwa, na zipo zisizoleta pesa leo ila zinarahisisha kazi ya baadaye. Aina hii ya mwisho ndiyo wachezaji wetu waliyoipuuza, kama inavyopuuzwa kazini.

Kasoro zipo, na ya kwanza kwetu ni lugha. Nakala tuliyotumia iko kwa Kiingereza, huku ofisi zetu zikifanya kazi kwa Kifaransa na mazungumzo ya mezani yakiwa kwa Kiswahili, hivyo msimamizi analazimika kuzisoma kadi zote mapema. Ya pili ni bei, ambayo imepangwa kwa kampuni zenye fungu la mafunzo. Toleo la zamani liliwahi kutolewa bure kwa kujichapishia, na kwa kikundi cha vijana wanne au watano ningeshauri njia hiyo: karatasi ngumu, dadu za kawaida kutoka soko la mtaa wa Kenya hapa mjini, na mtu mmoja aliyekwisha kucheza. Ya tatu ni kwamba mteja wa kwenye mchezo habadilishi mawazo katikati ya kazi, wala umeme haukatiki.

Tengeni takriban saa tatu, na wakuu wa miradi wakae meza moja na wajaribu programu. Kabla watu hawajaondoka, chukueni karatasi kubwa, mchore safu za kazi zenu wenyewe, mwandike kila kazi iliyoanza ambayo haijakabidhiwa, kisha mkubaliane vikomo mtakavyoanza navyo Jumatatu.