Winta inakula gari: vitu vya kununua kulinda rangi, kuanzia cha kwanza mpaka cha kuacha dukani

Sisi tuliokulia Dar au Mwanza adui wa gari tuliyemjua ni vumbi na jua basi. Unampa kijana ndoo mbili za maji, sabuni ya unga na tambara, nusu saa gari linang'aa unaondoka zako. Huku Minnesota, Marekani, adui ni chumvi ya barabarani inayomwagwa kuyeyusha barafu, na ubaya wa chumvi haikuonyeshi kitu mpaka siku unaona kapovu kadogo juu ya madigadi ya nyuma, unakabonyeza na kidole rangi inavunjika, kumbe ndani ni kutu tupu. Gari langu la kwanza huku lilikufa ivo ivo, nililinunua chuma chake kikiwa kizima kabisa, winta ya nne fundi akalinyanyua akaniita nije nione, ule ubapa wa chini ya milango unatoboka kwa bisibisi. Na iliniuma zaidi kwa sababu nilikua nalilaza kwenye gereji yenye hita kila usiku nikijua nalitunza.

Kwa hiyo kila ikifika Septemba ndugu wakinipigia simu kuuliza wanunue nini, nawapangia kwa mpangilio huu hapa. Nimepanga kwa swali moja tu, dola yako ya kwanza iende wapi ndio iokoe gari zaidi, sijaangalia kipi kinang'arisha zaidi.

Ila kwanza uelewe chumvi inavyofanya kazi maana bila hapo utanunua vitu vya bure. Chumvi inayomwagwa zaidi ni sodiamu kloraidi, ileile ya mezani, nayo inayeyusha barafu vizuri mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri, ikishuka zaidi ya hapo inachoka. Ndio maana kwenye baridi kali wanachanganya na magnesiamu kloraidi au kalsiamu kloraidi, na saa zingine wanapulizia ya maji kabisa barabarani hata kabla theluji haijaanguka, ile mistari myeupe unayoiona lami kavu. Hizi mbili zina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, yani zinabaki mbichi juu ya chuma hata siku ambayo kila kitu kimekauka. Alafu joto. Gari likiwa nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri kutu inaenda polepole sana, ukiliingiza gereji ya moto theluji iliyoganda chini inayeyuka, chumvi inakua supu, inafanya kazi usiku kucha. Gereji ya moto ni nzuri kwa betri na kwa mgongo wako asubuhi, ila kama unaingiza gari chafu ni bora lilale nje.

Kingine, rangi nzima ambayo haijachubuka chumvi haiwezi kuipita kirahisi. Inaingilia palipochubuliwa na kokoto, kwenye maungio, na huko chini ambako hamna anayeangalia.

NAMBA MOJA: kadi ya mwezi ya mashine ya kuoshea gari isiyogusa rangi, yenye maji ya chini

Najua mtu alitegemea nianze na chupa. Hapana. Kabla hujanunua chupa yoyote tafuta karibu na kwako au njia ya kwenda kazini ile mashine inayoosha kwa presha ya maji na dawa tupu bila brashi, na uulize kama inapiga maji chini ya gari, kama haipigi chini endelea kutafuta. Kadi ya mwezi nyingi ninazoziona zinaangukia kati ya dola 20 na 40 unaosha mara unazotaka, na winta ndio inajilipa kwa sababu unatakiwa kupita kila wiki au siku kumi, na kila baada ya theluji kubwa barabara zikishaanza kukauka. Lipia Novemba mpaka Machi, Aprili sitisha.

Kuna hasara moja, dawa zao ni kali, lazima ziwe kali maana hamna mkono unaosugua, kwa hiyo zinakula waksi yako taratibu na hazitoi ule utando mwembamba wa uchafu wa barabarani, gari linatoka halina chumvi ila lina ukungu. Mi ukungu huo nauvumilia. Zile zenye brashi au vitambaa vinavyozunguka sizitaki winta kabisa, fikiria magari mia yamepita kabla yako yote yana mchanga wa barabarani, ule mchanga upo kwenye vile vitambaa, unatoka na mikwaruzo myembamba ya mviringo kama utando wa buibui, jua likipiga unaiona yote.

Siku ya kuosha chagua ambayo imepanda angalau karibu na sifuri, na uoshe asubuhi au mchana ili gari lipate muda wa kukauka kabla ya usiku. Ukitoka fungua milango yote na buti, futa zile raba za mlangoni na taulo, la sivyo kesho unavuta mlango haufunguki na ukilazimisha raba inachanika. Gari likiwa na raba zilizokauka, silikoni kidogo kwenye kitambaa kabla winta haijaanza inatosha msimu mzima.

NAMBA MBILI: silanti au waksi ngumu ya mkono, ipakwe Oktoba

Hapa ndio pa chupa. Silanti ni kama waksi ila ya kemikali za kiwandani, zote zinafunika rangi zisiiache wazi kwa chumvi. Ninayoitumia mwaka wa sita sasa ni Collinite 845, chupa chini ya dola 30 na inapaka gari mara nyingi sana mpaka unaisahau kabatini. Asili yake inahusishwa na vile vikombe vya kuzuia umeme kwenye nguzo, ndio hilo jina lake la Insulator Wax, na kwa gari langu linalopita mashine kila wiki inanifikisha mpaka Machi maji bado yanakimbia kwenye boneti. Kuna silanti nyingine nyingi nzuri za polima tupu, chukua yoyote ambayo watu wanaolaza magari yao nje wanaisifia, usichukue kwa sababu ya picha ya gari jekundu kwenye chupa.

Cha kukuambia ni kazi ya kabla ya kupaka, maana watu wengi wanapaka juu ya uchafu. Osha vizuri, puliza ile dawa ya kutoa chembe za vyuma vya breki, itachuruzika rangi ya zambarau usishtuke ndio inafanya kazi, suuza, alafu pitisha klei, ule udongo laini unaoteleza na maji ya sabuni, mpaka ukipitisha kiganja rangi inakua kama kioo. Kausha. Paka nyembamba, nyembamba kweli, paneli moja moja, subiri ikauke ukungu, futa. Kesho yake rudia mara ya pili kwenye boneti, bampa ya mbele, ubapa wa chini ya milango na nyuma ya tairi zote nne, ndiko kokoto zinakopiga. Hii 845 ikipoa inaganda kama uji, iweke chupa kwenye maji ya moto dakika kadhaa uitikise. Na ndio sababu nasema Oktoba, ikifika Novemba katikati vidole vinauma na waksi haifutiki.

NAMBA TATU: kalamu ya rangi

Kitu cha dola 20 hivi ambacho hamna anayekisifia. Angalia stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwenye Toyota imeandikwa C/TR alafu namba, hiyo ya kwanza ndio rangi yako, mfano 040 ni nyeupe. Agiza kwa namba, usiagize kwa macho, nyeupe ziko nyingi. Kila kidonda cha kokoto kisafishe na spiriti, dondoshea rangi kidogo kwa ncha ya kijiti, ikikauka vanishi juu. Haitapendeza ukiangalia karibu lakini mlango wa kutu umeufunga.

NAMBA NNE: dawa ya kuoshea bila kusuuza

Hii ni kwa ajili ya sisi tunaokaa apatimenti, bomba la nje linafungwa winta na mwenye nyumba hataki maji ya sabuni kwenye paking. Inayojulikana zaidi inaitwa Optimum No Rinse, kifuniko kidogo tu, aunsi moja kwenye maji galoni mbili, unachovya taulo za maikrofaiba nane au kumi, kila paneli taulo lake, unapitisha mara moja kwa mstari ulionyooka, unageuza upande msafi, unakausha, unaenda paneli nyingine. Ukilimaliza taulo usilirudishe kwenye ndoo. Chupa moja mi inamaliza winta mbili.

Lakini nisikilize, usije ukaichukua hii ukafuta gari lililoganda chumvi na mchanga, hapo unapiga msasa. Kwanza pitia namba moja au sehemu za kujioshea kwa sarafu upige presha utoe mchanga, alafu ndio uende gereji ya ghorofa chini ufute ule ukungu uliobaki. Namba moja na namba nne zikienda pamoja gari linakua safi katikati ya Januari kama la Juni, nakwambia ukweli.

Na hapo kwenye kujioshea kwa sarafu kuna brashi inayotoa povu, iache iningʼinie hapohapo. Kuna mtu kabla yako ameoshea nayo matairi ya pikapu. Tumia presha tu, simama kama sentimita 30 kutoka kwenye rangi, anza chini na ndani ya madigadi ndio upande juu, maana saa inakata hela na uchafu mbaya uko chini.

NAMBA TANO: mafuta ya sufu ya kondoo kwa chini ya gari

Sio rangi, ila ukishaona chesisi inavyooza utanielewa. Fluid Film na jamii zake zimetengenezwa na lanolini, yale mafuta ya kwenye manyoya ya kondoo, hayakauki, yanashika chuma na yanajipenyeza kwenye maungio. Unapuliza Septemba au Oktoba chini pakiwa pakavu, kila mwaka unarudia. Yanukia kidogo wiki mbili za mwanzo. Usipulize kwenye diski za breki wala mkanda wa injini, na usizibe vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Kwa gari la miaka kumi na kuendelea hii inapanda inakua namba mbili, silanti isubiri. Ile lami nyeusi ngumu ya kupiga chini sikushauri kwa gari ambalo tayari lina kutu, ikipata ufa maji ya chumvi yanaingia nyuma yake yanakaa humo na wewe huoni kitu.

NAMBA SITA: seramiki ya kupuliza

Hizi ni dawa za kupuliza zinazoacha utando wa kufukuza maji juu ya rangi, za chupa ya dola 15 mpaka 20, kama Turtle Wax Hybrid Solutions au ile ya Meguiar's ya kupuliza gari likiwa bado na maji. Ni nzuri kuongezea nguvu juu ya silanti katikati ya winta siku ukipata nyuzi joto mbili tatu, dakika kumi umemaliza. Peke yake msimu mzima wa chumvi mi haijanifikisha, Januari mwishoni maji yalishaanza kulala kwenye boneti. Jina seramiki kwenye chupa hizi lisikuchanganye, haina uhusiano mkubwa na hiyo inayofuata.

NAMBA SABA: seramiki yenyewe, ya fundi

Hii ni dawa inayopakwa ikiwa maji ikakomaa kuwa utando mgumu juu ya rangi. Ni kitu cha kweli na kinadumu, miaka kabisa, uchafu unatoka kirahisi. Tatizo ni hela, mamia ya dola na mara nyingi inapita elfu moja, na zaidi ya nusu ya kazi ni kupolishi rangi kabla. Na haizuii kokoto. Watu wanadhani wamevaa ngao, hapana, kokoto inapasua seramiki na rangi pamoja, kinachozuia kokoto ni ile filamu ya plastiki inayobandikwa mbele, nayo ina bei yake. Kama gari ni jipya na utakaa nalo miaka nane haya lipia, ila ufanyiwe kabla baridi haijaingia kwenye gereji ya joto, na uliache humo likomae, dawa yenyewe inataka joto la nyuzi kumi na kuendelea na masaa mengi bila maji. Rafiki yangu alifanyiwa Desemba, akaondoka nalo jioni ileile kwenye theluji, Februari lina madoa kama chui.

YA KUACHA

Waksi ya kanauba tupu, ile inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi huko Brazili, inapendeza sana hasa kwenye nyeusi lakini chumvi na dawa za mashine zinaimaliza kwa wiki chache, iweke ya kiangazi. Sabuni ya vyombo na sabuni ya unga, hizi tumetoka nazo nyumbani nazijua, zinapunguza waksi uliyoitolea jasho, nunua shampuu ya gari. Sponji nayo, inashika mchanga usoni pake, chukua glavu ya maikrofaiba. Na kwa kutoa theluji usitumie fagio wala koleo la plastiki kwenye rangi, tafuta ile yenye kichwa cha povu laini, sukuma theluji ya juu uache sentimita moja ya mwisho, itaondoka yenyewe njiani. Maji ya moto kwenye kioo kilichoganda usithubutu, kinaweza kupasuka.

Aprili mvua zikishaosha barabara na bomba la nje limefunguliwa, lala chini na tochi, piga maji ya kawaida huko juu ya tangi la mafuta, nyuma ya madigadi na ndani ya ubapa wa milango mpaka maji yanayotoka yawe meupe. La kwangu mwaka huu lilichukua dakika arobaini.