Painted Desert, Arizona: Usigeuzie Gari Kwenye Lango la Kaskazini

Wengi wanaopita barabara kuu ya I-40 huingia hifadhi ya taifa ya Petrified Forest kwa lango la kaskazini, wakasimama mahali pawili patatu pa kutazamia, wakapiga picha za vilima vyekundu na kuendelea na safari. Kiingilio ni dola 25 kwa gari na kinatumika siku 7, kwa hiyo kugeuka pale ni sawa na kulipia karamu nzima ukanywa chai na kuondoka.

Hifadhi ina barabara moja ya lami ya kilomita 45 hivi, kutoka I-40 hadi barabara ya 180. Sisi tulitokea mji wa Holbrook tukaingia kwa lango la kusini, na kwa anayeelekea mashariki sioni mpango bora kuliko huo. Unaanza na magogo ya mawe, kisha unafika upande wa kaskazini, kwenye Painted Desert, jangwa lenyewe la vilima vyekundu, jua likiwa limeshashuka. Saa sita mchana mwanga huzifubaza rangi zote. Alasiri ule wekundu hukolea na kila mkunjo wa kilima huonekana.

Magogo yenyewe yalinishangaza kuliko nilivyotarajia. Kwa nje unaona gome na vifundo, ila ndani ni jiwe tupu lenye madoa mekundu, manjano na zambarau. Miti hiyo ilifukiwa na matope ya mito na majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, maji yenye madini ya silika yakaigeuza jiwe polepole, na chuma kikatia sehemu kubwa ya rangi. Kuokota hata kipande ni kosa kisheria. Kwenye makumbusho ya Rainbow Forest zipo barua za watu walioiba kisha wakarudisha kwa posta, wengine wakilalamika kwamba mikosi imewaandama (nilizisoma huku nikijizuia kucheka). Vipande vyao havirudishwi vilikotoka, maana hakuna ajuaye mahali hasa vilipookotwa.

Ukiwa na muda wa kushuka garini mara moja tu, shukia Blue Mesa. Njia yake ni mzunguko wa kilomita 1.6 hivi, inateremka kwa ukali hadi katikati ya vilima vya udongo wenye mistari ya kijivu, buluu na zambarau. Pale matope yalipozikwa haraka bila kupata hewa, rangi ilibaki ya kibuluu. Yalipokaa wazi, chuma kikashika kutu na kuwa chekundu. Kupanda kurudi kunachosha, na kivuli hakuna. Beba maji.

Karibu na I-40 kuna bodi la gari la Studebaker la mwaka 1932, mahali ilipopita barabara kuu ya zamani ya Route 66. Ni picha ya dakika mbili. Painted Desert Inn inastahili zaidi, kwa michoro ya ukutani ya Fred Kabotie, msanii wa Wahopi, kabila la wenyeji wa asili, ingawa siku hizi ni makumbusho na hailazi wageni.

Hifadhi naipa nyota nne. Anga la usiku hapa linasifika kwa giza lake, lakini lango hufungwa jioni na hakuna kambi ya magari. Anayetaka kulala humo hupata kibali na kutembea na hema lake mgongoni. Na mkitokea nchi ya Wanavajo, kabila jingine la wenyeji wa asili, wakati wa kiangazi, angalieni saa: wao husogeza saa mbele, Arizona kwingine haisogezi, na hifadhi hufuata saa ya Arizona.