Kopo la Kudaka Oili la Chini ya Elfu Tano: Nimelifungua, Ndani Hamna Kitu

Haya wadau, karibuni tena gerejini, Nakuru. Leo hatuna salamu ndefu kwa sababu nimekasirika. Mnaliona hili kopo? Ni la kufungwa kwenye hosi za injini linase ukungu wa oili kabla haujaingia njia ya hewa. Jeusi, linang'aa, lina maandishi ya kuchongwa ubavuni. Ukilifunga kwenye Subaru Forester halafu ufungue boneti mbele ya watu, lazima mtu aulize umelitoa wapi. Sasa kamera sogea. Sogea kabisa, usiogope. Natoa skrubu ya kwanza... ya pili... ya mwisho hii imelegea tangu kiwandani, sawa. Mfuniko huo. Mnaona nini ndani?

Mimi sioni kitu! Tundu la kuingilia hili hapa, la kutokea lile pale, yanatazamana kama madirisha ya matatu. Hamna kizuizi, hamna wavu, hamna hata kibati cha kuikata hewa njia. Moshi wa oili unaingia huku, unatokea kule, safari njema.

Hii inauzwa kama seti, injekta nne (vile vipulizi vya petroli) pamoja na kopo, na vijana wa hapa na wa Kisumu wananitumia picha kila wiki wakiuliza, "Bro, hii ni sawa?" Duka silitaji, msiniulize kwenye maoni.

Tumalizane na injekta kwanza. Ukubwa mnaujua, umeandikwa kwenye boksi, siusomi. Tumeziweka kwenye mashine ya kupimia, zile glasi nne, na petroli ilipanda sawasawa kwa zote. Hapo sina neno. Kinachoniudhi ni kwamba hazikuja na karatasi ya vipimo. Injekta haifunguki papo hapo umeme ukifika. Inachelewa kidogo, karibu milisekunde moja, na volti zikishuka inachelewa zaidi. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 za kumaliza zamu yake, kwa hiyo hiyo moja huioni. Lakini gari likiwa limesimama linanguruma tu, injekta kubwa inafunguliwa kama milisekunde mbili hivi, na karibu nusu yake ni kule kuchelewa. Fundi wa kompyuta ya gari asipopewa hizo namba atabahatisha. Ndiyo maana unakuta gari linaruka vizuri barabarani, halafu jioni kwenye foleni ukiwasha taa na feni linatetemeka, linazima. Kampuni ya Injector Dynamics wanatoa namba hizo pamoja na bidhaa, na ndicho kitu kimojawapo unacholipia pale. Halafu angalia gari lako linatumia injekta za juu au za ubavu, maana Subaru wametumia zote mbili. Basi, injekta zimeisha.

Turudi kwa kopo, maana hapa ndipo injini zinapokufa.

Kwenye injini yoyote kuna gesi inayopenya kando ya ringi za pistoni na kushuka chini kwenye oili. Lazima itoke. Gari likiwa linanguruma tu, valvu ya PCV inaachia gesi hiyo ivutwe irudi kuchomwa. Ukikanyaga na tabo, ile pampu ya kusukuma hewa kwenye injini, ikaanza kusukuma, valvu inafunga, na gesi yote inapitia hosi za juu kuelekea mdomo wa tabo. Inabeba ukungu wa oili. Sasa Subaru silinda zimelala, hedi, yaani vifuniko vya silinda, ziko chini pembeni. Kona ndefu kwa kasi, oili inajaa kwenye hedi moja, inakosa njia ya kurudi, inasukumwa kwenye hosi. Oili hiyo ikichanganyika na petroli, nguvu ya petroli ya kustahimili joto inashuka, injini inaanza kugonga, yaani petroli inajilipukia yenyewe ndani ya silinda. Pistoni za kiwandani za EJ, injini hizi za Subaru, hazipendi kugonga hata kidogo, zile kingo zinazoshika ringi zinapasuka. Na wewe hapo umeshatia injekta kubwa na kuongeza presha ya tabo, kwa hiyo gesi inayopenya ni nyingi kuliko ile iliyopangwa Japani. Kwangu mimi kopo linatangulia injekta. Nishagombana na watu juu ya hilo, na nitaendelea kugombana.

Jaribio letu hili hapa. Nimelifunga kopo tupu kwenye Forester yangu ya SG5, nikateremka Kisumu, nikarudi kwa njia ya Ahero, Awasi, Kericho mpaka Mau Summit, kisha nyumbani. Kutoka ziwani, mita 1,130 hivi, mpaka kule juu ambako hewa ni nyepesi na tabo inajitahidi zaidi. Tena nyuma ya malori ya miwa, kwa hiyo msiseme nilikuwa nakimbia. Nikarudia safari ileile na kopo jingine lenye vizuizi ndani.

Tishu nyeupe hii. Nafuta ndani ya hosi inayoingia kwenye kopo tupu. Nyeusi, imelowa, ndivyo inavyotakiwa. Tishu ya pili, hosi inayotoka. Angalieni. Ziwekeni pamoja... mdogo wangu, mwanga. Unaweza kuzitofautisha? Mimi siwezi. Sasa hosi ya kutoka kwenye kopo lenye vizuizi: rangi ya chai ya maziwa, kwa mbali, na haijalowa. Hiyo ndiyo kazi inayolipiwa. Ukungu ukigonga ukuta unageuka matone, matone yanadondoka chini. Bila ukuta hamna matone.

Na haya maziwa yaliyo chini ya kopo yasikutoe roho. Kericho ni baridi na mvua, mvuke wa maji unapoa ndani ya kopo na kuchanganyika na oili, unapata uji mweupe kama huu. Wengine wakiuona wanapiga simu kwamba gasketi ya hedi imekwenda. Angalia maji ya rejeta kama yanapungua na kama yana oili, pima kwanza kabla hujateremsha injini ya watu.

Najua fundi wako atasema, "Hilo tupu tutalijaza waya wa kusugulia sufuria." Hapana! Nyuzi zake zinakatika, na hosi hii inaelekea kwenye tabo. Pia usiniwekee kile kichujio kidogo juu ya kopo kwenye njia ya PCV, gari litavuta hewa ambayo kompyuta haikuipima na utaanza kulaumu injekta.

Vipi kampuni za IAG na Crawford, wale wenye vitenganishi vinavyorudisha oili kwenye injini? Nilikuwa nawasifu sana. Kwa mtu wa mashindano bado nawasifu, oili haipungui katikati ya mbio. Lakini kwa baridi ya Kericho na Londiani, chukua kinachopashwa joto na maji ya injini, la sivyo huu uji unarudi kwenye oili yako. Na bei, jamani. Dola 300 na zaidi kabla ya usafiri, ushuru, VAT asilimia 16... kwa gari la kwenda kazini nabaki na kopo lenye vizuizi la Mishimoto au mfano wake, nalimwaga mwenyewe, na naangalia kijiti cha oili kila ninapojaza petroli.

Mdau wa Kakamega mwenye Mark X ya 2.5 ameuliza kama seti hii inamfaa. Injekta hapana kabisa, injini yako ya 4GR inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, hizi haziingii. Kopo, ndiyo. Kwako petroli haipiti kwenye valvu kuziosha, kwa hiyo oili inagandia pale na kuwa masizi, hata bila tabo. Jumamosi tunafungua manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa, ya Mark X kama hiyo hapahapa, tuone masizi yamefika wapi. Bonyeza kengele. Na kama una kopo kwenye gari sasa hivi, toa mfuniko, piga picha ya ndani, niwekee kwenye maoni nikwambie kama linafanya kazi.