Kabambe ya India, nimeitumia hapa Kisumu
Binamu alirudi kutoka Chennai na kabambe mbili, zile simu ndogo za kubonyeza, moja akanipea na kusema ukweli ni poa sana, chaji inakaa siku tatu na sauti naisikia vizuri hata nikiwa stage ya Kondele na ile kelele yote. Ya pili ndio iliniuma, imefungwa kwa mtandao wa huko, ukiweka laini ya hapa inakataa kabisa na mama alikuwa ameingojea. Huko simu za bei ya chini zingine ziko hivyo, JioPhone ya 2017, ya kampuni ya mtandao ya huko inaitwa Jio, ilikuwa dipositi ya rupia 1500 lakini laini ni ya Jio pekee. Ukiagiza, mwambie mtu wako ajaribu laini ya mtandao mwingine kwanza kabla alipe.