Bwawa la mbwa la kukunja: kiangazi kizima nalo huku Manitoba, Kanada

Nianze na nyota ili mwenye haraka aende zake, natoa 3 na nusu kati ya 5. Hiyo nusu ni ya Bosi, mbwa wetu, yeye angeulizwa angetoa 10.

Kitu chenyewe ni lile bwawa la mbwa la duara, plastiki nene ya PVC, kuta zake zina vibao ndani kwa hiyo halijazwi upepo, unalikunjua tu unaweka chini unatia maji basi. Langu lina upana wa sentimita 160 na kimo cha 30, rangi bluu, nililinunua mtandaoni mwisho wa mwezi wa tano kwa dola 54 za Kanada pamoja na kodi. Ukibadilisha inagonga kama laki moja ya kwetu Tanzania. Ndio jamani, laki, la mbwa kuogea, tulieni nieleze.

Tunakaa shamba, nje ya Brandon, kilomita 200 na ushee magharibi ya Winnipeg, prairi yenyewe hasa, tambarare mpaka macho yanachoka, nyumba ya jirani unaiona vizuri kabisa lakini ukisema utembee kwa mguu utafika umejuta. Watu wa nyumbani ukiwaambia kuna joto huku wanacheka, kwao Kanada ni barafu tu, kumbe mwezi wa saba tunapiga 30 na kupanda, na jua la mwezi wa sita linazama inakaribia saa 4 usiku. Yaani mbwa wana saa 16 za mwanga na wanataka kuzitumia zote. Wanafukuza kuchakulo (wale wanaosimama wima mlangoni pa shimo kama askari jela wanapiga mluzi, hajawahi kukamatwa hata mmoja), wanafukuza trekta, wanafukuza kivuli cha mwewe, afu wanakuja kulala kibarazani wanahema ulimi umefika chini. Na mbwa hana jasho la maana, jasho lake ni kwenye nyayo tu, joto analitoa kwa kuhema. Bosi ni mchanganyiko wa Labrador, mweusi tii, kilo 38, tulimrithi kwa mzee aliyekuwa anaishi nyumba hii alipohamia mjini, basi siku ya jua kali ukimgusa mgongo ni kama umegusa sufuria.

Mwaka jana hatukuwa na shida, walikuwa wanajitupa kwenye lambo. Kila shamba huku lina lambo lake lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, la kwetu liko nyuma ya ghala. Sasa mwezi wa nane maji yakaanza kuwa kijani, sio kijani cha majani, kijani cha rangi ya mlango, kama mtu kamwaga kopo zima la rangi halafu akakoroga. Daktari wa mifugo akatuambia hiyo ni mwani wa sumu, mbwa akiyanywa au akijilamba manyoya baada ya kuogelea anaweza kufa siku hiyohiyo, inapiga ini au mishipa ya fahamu na dawa yake hakuna, unamsaidia tu huku unaomba Mungu. Baba Neema akazungushia uzio wikiendi ileile. Bosi akakaa pembeni ya uzio siku tatu anatuangalia kama tumemfungia benki. Kwa hiyo hilo bwawa tulilinunua kwa sababu ya hofu, faida nyingine tulizigundua baadaye.

Maji sasa. Ukijaza mpaka sentimita 20, ambayo inamtosha mbwa mkubwa kuzamisha tumbo, unatumia kama lita 400. Mimi nimekulia Singida, lita sizielewi, mimi naelewa ndoo, na hizo ni ndoo 20. Siku ya kwanza nikampigia mama simu ya video nimwonyeshe mbwa wanavyofurahi, mama akanyamaza kidogo, afu akauliza, "Hayo maji yote ni ya mbwa?" Nikamwambia ndio mama, tuna kisima cha pampu. Akauliza tena, "Na nyie mnaoga wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo kila akipiga simu anaanza na hilo bwawa kabla hajamuulizia mjukuu wake.

Maji ya kisima yanatoka baridi kama ya friji, kwa hiyo tunajaza asubuhi yapate jua kwanza, na baada ya saa mbili tatu yako poa. Bosi haingii, anaanguka. Anazunguka mara moja, anajibwaga kama gunia, maji ya robo bwawa yanahamia kwenye nyasi. Mbwa wetu mwingine, jina lake Pili, ni jike wa wale mbwa wa kuchunga ng'ombe, kilo 18, anatia miguu ya mbele miwili tu, anakunywa, anaondoka, ana heshima zake. Neema ana miaka mitano, nimeshamkataza kuingia nimechoka.

Na hapa ndo nilipopata faida ambayo hata muuzaji hajaitangaza. Kupe! Huku kuanzia mwezi wa nne mpaka wa saba kupe wamejaa kwenye nyasi ndefu, ukipita tu wanakudandia. Kwa kweli sikushangaa, mtoto wa mfugaji atashangaaje kupe, sisi ng'ombe tulikuwa tunawapeleka josho na mtu akichelewesha zamu ndigana inamfundisha. Basi hilo bwawa nyumbani tunaliita josho. Lakini msinielewe vibaya, maji matupu hayatoi kupe, josho la kweli lina dawa, na mbwa hawa dawa yao ni kidonge cha kila mwezi kutoka kwa daktari. Ninachosema ni kwamba Bosi akiwa kwenye maji anatulia, hicho kitu ni muujiza, ndo namkagua kwa vidole taratibu, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya kola. Nje ya maji utamfukuza mpaka Winnipeg. Nikimpata kupe namshika kwa kibanio karibu kabisa na ngozi navuta moja kwa moja. Kwetu tulikuwa tunamwagia mafuta ya taa, msifanye hivo. Wengi huku ni wale wakubwa wa kahawia, ila wapo wadogo wenye miguu myeusi, hao ndo wanaleta ugonjwa wa Lyme, na hao hata macho yangu hayawaoni bila miwani.

Hivohivo kwa zile nyasi za shayiri mwitu, zina mkia mzuri unang'aa njiani kote, ukikauka vile vimiba vyake vinaingia kwenye mguu au sikio la mbwa na vinakwenda mbele tu, havirudi. Mwaka jana kimoja kilitula hela kwa daktari. Mwaka huu mguu ukishalowa naviona mapema.

Kazi nyingine ya josho, skanki. Huyu ni ndugu yake kicheche wa kwetu kwa sura na kwa tabia ya kurusha harufu mbaya. Mwezi wa saba usiku Bosi kaenda kumsalimia, karudi, nyumba nzima tukaamka bila kuamshwa. Tukamwaga maji yote, tukamsimamisha humo kwenye bwawa, dawa ni lita 1 ya peroksaidi ya haidrojeni (ile ya kusafishia vidonda) ya asilimia 3, robo kikombe cha beking soda na kijiko kimoja au viwili vya chai vya sabuni ya vyombo, unachanganya hapohapo unapaka, dakika tano, unasuuza, macho usiguse. Usihifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, inapasuka. Harufu ilitoka kama asilimia 90 hivi, na Bosi mweusi akabaki na rangi ya kahawia kifuani mpaka mwezi wa tisa. Bwawa halikudhurika wala halikushika harufu, hapo nalipa heko.

Haya, ubaya wake.

Kizibo cha kumwagia maji ni cha hovyo. Kilianza kuvuja wiki ya pili, matone tu, lakini matone ya usiku kucha unaamka maji yamebaki nusu. Niliwaandikia wauzaji, wakajibu kwa heshima sana wakaniomba picha, nikatuma picha, wakaniomba picha nyingine, nikatuma video, kimya.

Kucha. Wanasema haitobolewi na kucha. Ilitobolewa na kucha, na sio za Bosi, za Pili mwenye heshima zake. Baba Neema akaleta kiraka cha baiskeli na solusheni kama fundi wa Singida, akakaa nacho saa nzima anapuliza, asubuhi kiraka kinaelea. Solusheni ya baiskeli ni ya mpira, PVC inataka gundi yake. Tulinunua ya PVC na imekaa mpaka leo.

Upepo! Huku hakuna mlima wa kuzuia kitu. Likiwa tupu halina uzito wowote, ilikuja mvua ya mawe mchana mmoja, mbwa wamejificha chini ya meza ya jikoni kwa radi, tunaangalia dirishani bwawa linaondoka linabingirika kama gurudumu mpaka katikati ya kanola (zao la mbegu za mafuta) ya jirani, na kanola wakati huo imechanua njano tupu, lile duara la bluu hapo katikati ukiliona kutoka barabarani unaweza kudhani serikali imeweka kitu. Kwenda kulitoa bila kukanyaga shamba la mtu ilikuwa shughuli. Siku hizi likiwa tupu tunaweka tofali mbili.

Afu mbu. Maji yakikaa wiki kwenye joto unakuta viluwiluwi, na mbu wa Manitoba hawahitaji kusaidiwa, mbwa nao wanaletewa minyoo ya moyo na haohao mbu. Mimi nabadilisha kila siku ya tatu na maji machafu namwagilia mahindi na mchicha wangu, mchicha umependa.

Na chini yake nyasi zinakufa, duara kamili. Sasa hivi mwezi wa tisa nimeshalikausha nikalikunja liko gereji, lakini Bosi kila mchana anakwenda kulala kwenye lile duara la njano.

Kama mbwa wako ni mdogo, chukua lile gumu la watoto la dukani, bei ni nusu na kizibo halina, kwa hiyo halivuji. Kama ni mzito kama huyu wangu chukua hili, kata kucha kwanza, nunua na kiraka cha PVC siku hiyohiyo.

Mwenye kizibo cha spea cha upana wa kama sentimita 4 aniambie kakipata wapi.